Mikorosho mpaka kwenye mwembe

Juzi umeme umekatika, tumekaa zetu barazani hapa Chuno, joto la Mtwara mnalijua, watoto wamelala chali kwenye mkeka, mara huyu mkubwa ambaye saa hizi yuko form two anageuza shingo ananiuliza, "Baba, hivi yule bibi wa kule shamba ulishamlipa?" Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Mama yake akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayetaka kulisikia jibu na yeye.

Usiku ule sikumjibu. Nimeona bora niandike, maana nina miaka 17 nafundisha watoto wa wenzangu, kwenye vikao vya wazazi nasimama mbele naongea malezi na maadili mpaka napigiwa makofi, halafu swali moja la mtoto wa kidato cha pili linanirudisha mwaka 2018 ambako hakuna wa kunipigia makofi.

Kwa msiotoka huku kusini nifafanue kidogo. Korosho mkulima anaipeleka chama cha msingi, AMCOS, inaingia ghalani, mnada unafanyika, ndo baadaye mtu anapata hela yake, huu mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza na korosho huku kwetu mwaka 2007. Mfumo wenyewe sio mbaya sema unataka subira, na mtu ambaye mtoto hana sare au unga umeisha ndani hana hiyo subira. Hapo ndo anapoingia kangomba, mtu mwenye hela mkononi anayenunua korosho pembeni, hana mizani, ana bakuli au kopo, bei ya kutupa, halafu anakwenda kuuza kwenye chama kama vile kavuna yeye. Ni kosa kisheria na kila mtu anajua ni kosa, na walimu wangapi tumelifanya nisiseme, mshahara ukitoka mwezi wa tisa unajua unaelekea wapi.

Basi mwaka ule na mimi nikanunua. Kwa bibi mmoja jirani wa shamba letu kule Tandahimba (shamba ni la upande wa mke wangu, si mnajua Wamakonde ardhi inafuata kwa mama, mimi pale ni mkwe tu) nilichukua bakuli 40, kwa hesabu yangu bakuli moja kilo moja, nikampa 1,500 kwa kila bakuli, jumla elfu sitini. Alishukuru sana. Wapo na wengine wawili watatu, nitawasema huko mbele nikipata nguvu.

Halafu mnakumbuka kilichofuata. Wakulima walizikataa bei za mnadani, mwezi wa 11 Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo, na kabla ya kulipwa mtu anahakikiwa, una mikorosho mingapi, shamba linaishia wapi, hizi kilo zote umezitoa wapi. Waliokuwa wanatafutwa ni watu kama mimi.

Kilo nilizoandikisha na mikorosho niliyokuwa nayo haviendani. Asubuhi ya siku ya kuhakikiwa nikaenda na mkubwa, alikuwa na miaka 8, shule imefungwa, na njiani nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kama vile namtuma chumvi, "Ukiulizwa, mikorosho mpaka kwenye ule mwembe ni yetu sawa?" Mwembe wenyewe uko ndani kabisa ya shamba la yule bibi. Wale jamaa wakaja na madaftari yao, wakazunguka, wakaniuliza mimi, nikajibu, halafu mmoja wao alikuwa mtu wa utani akainama kwa mtoto, "Njomba, shamba lenu linaishia wapi?" Mtoto akaangalia mwembe, akaniangalia mimi, akanyoosha kidole. "Pale."

Nilimnunulia soda. Na keki. Naikumbuka ile keki kuliko nnavyokumbuka hela yenyewe nilivyoitumia.

Sasa twende mwaka unaofuata. Mwezi wa sita tukampeleka jando, likizo, mambo yakafanyika vizuri, akatoka pale mtoto ana adabu mpaka wageni wanauliza huyu wa nani. Anaamkia watu wazima wote, haingii chumbani bila hodi, chakula anasubiri wakubwa waanze. Mimi roho kwatu, nikasema kazi imeisha. Mwezi wa kumi, msimu umechanganya, tuko shamba wikiendi, nikaitwa dukani naambiwa mwanao kauza korosho hapa, makopo manne, kachukua hela kanunua mpira wa kwenye neti na soda, na korosho zimeokotwa kwa yule bibi, kuna mtu kamuona.

Nikamchapa. Sitaki kupamba, nilimchapa kwa hasira na fimbo ya mkorosho, na kwenye kama ya tatu hivi akapiga kelele, "Baba si ulisema mpaka kwenye mwembe ni yetu!"

Hapa ningependa kuwaambia kwamba fimbo ilinidondoka mkononi. Wapi. Niliongeza. Maana yale maneno yaliniuma, na watu walikuwa wanasikia, na nilitaka anyamaze. Akanyamaza kweli. Kuanzia siku ile ukimuuliza kitu anajibu kidogo, anaangalia chini, jibu limenyooka, na huwezi kujua ni kweli au uongo. Mwalimu mwenzangu akaniambia umemnyoosha, sasa ana nidhamu.

Baadaye sana nikaja kusoma utafiti mmoja wa mwaka 2011, wa Victoria Talwar na Kang Lee, ukanikalisha chini. Walikwenda Afrika Magharibi kwenye shule mbili za watoto wadogo, miaka mitatu na minne, shule moja ya viboko hata ukisahau penseli, nyingine hakuna viboko. Mtoto anaachwa peke yake na kidoli nyuma ya mgongo wake, anaambiwa usigeuke kuangalia. Shule zote mbili wengi waligeuka, watoto ndo watoto. Tofauti ikawa kwenye kuulizwa. Wale wa shule ya viboko ndo waliodanganya zaidi, na sio kudanganya tu, waliulinda uongo wao vizuri kuliko wale wengine, ukimbana anakupa jibu linaloendana na la mwanzo. Yaani fimbo haikuwazuia kugeuka, iliwafundisha kujieleza baada ya kugeuka. Miaka mitatu na minne, jamani.

Aliyeniokoa mimi ni mama mkwe wangu, na hajasoma utafiti wa mtu. Asubuhi ya kesho yake baada ya zile fimbo akamuita mtoto wangu jikoni, mimi niko nje nasikia. Hakumuuliza kwa nini umeiba. Alimuuliza makopo mangapi, ulipewa shilingi ngapi, umebakiza ngapi, mpira uko wapi. Mtoto akajibu yote moja moja, mara ya kwanza tangu jana yake namsikia anaongea sentensi nzima. Bibi yake akajifunga kanga, akamshika mkono, wakaenda mpaka kwa yule jirani, akabisha hodi halafu akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia mjukuu wake, "Sema mwenyewe." Mke wangu alikuwepo, anasema kijana alisimama pale muda mrefu mpaka kuku wakaanza kumzoea.

Hukumu yake ikawa asubuhi tatu za kuokota na kutenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, kwenye shamba la yule bibi. Ile kazi mnaijua, maji ya bibo yanaruka, na doa la bibo halitoki hata ufue na nini. Tisheti yake ya njano ilibaki na madoa ya kahawia kifuani, akakataa isitupwe, tumekuja kuifanya tambara la boda la mjomba wake juzijuzi tu. Na siku ya tatu yule bibi akampa ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko arudi nayo nyumbani, wamekuwa marafiki mpaka leo, akienda shamba anaanza kwake kabla ya kwetu.

Mimi sikwenda. Niliona aibu. Mtoto alilipa makopo manne, na mimi na bakuli zangu 40 nikakaa kimya.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikisikia wazazi tunalalamika watoto hawana maadili najiuliza tunaongelea nini hasa, maana huku kwetu tuna adabu na tuna uadilifu na tunavichanganya. Adabu inaonekana. Shikamoo, kupiga goti, kupokea kwa mikono miwili, vyote vinafanyika mbele ya mtu mzima na mtu mzima anafurahi. Uadilifu ni kule kwenye mikorosho saa saba mchana hakuna mtu. Jando na unyago vinafundisha mengi, mimi sio wa kubeza mila, za wanawake wala sijui yanayosemwa ndani na sitakiwi kujua, lakini sisi wazazi tumevigeuza kama gereji, mtoto anaingia mbovu anatoka mzima, ukiuliza unaambiwa huyu kashachezwa. Sasa hivi kuna mvutano hapa ndani, upande wa mke wangu wanataka huyu wa kati achezwe mwezi wa 12, ana miaka 10. Mimi nasema bado mdogo, asubiri. Mashangazi wamenuna. Hilo tutalimaliza wenyewe, sikuombeni ushauri.

Huyu wa kati ndo hakimu wa nyumba. Anahesabu vipande vya samaki kwenye kila sahani, ukimuongezea mdogo wake anataka kujua kwa kigezo gani. Zamani ningemwambia acha roho mbaya, siku hizi namjibu, maana nimeona ni umri, yuko kwenye umri wa sheria na usawa, na ukimdharau pale anajifunza kwamba haki ni ya mwenye nguvu.

Kuna kitu tulisoma chuo cha ualimu, saikolojia, Mswisi mmoja Jean Piaget, alitoa kitabu mwaka 1932 kuhusu watoto wanavyopima kosa. Mimi nilikariri nikafaulu nikasahau, pamoja na zile hatua sita za maadili za Kohlberg, mpaka siku moja nikaamua kujaribu nyumbani. Piaget alikuwa anawasimulia watoto hadithi mbili, nikaiweka ya kwetu. Mtoto wa kwanza anamsaidia mama kubeba sinia, anajikwaa, vikombe kumi na tano vinavunjika. Wa pili anapanda kabatini kudokoa sukari, anavunja kikombe kimoja. Nani kakosa zaidi?

Kitinda mimba, miaka mitano, hakufikiri hata. "Wa vikombe vingi! Achapwe kumi na tano." Wa kati akamkatalia, huyo alikuwa anasaidia, mwizi ni huyu mwingine. Mke wangu akauliza kutoka jikoni, vikombe vipi hivyo, vile vya wageni?

Tulicheka. Ila Piaget aliona hivyohivyo, wadogo wanapima kosa kwa ukubwa wa hasara, wakikua kidogo ndo wanaanza kupima nia. Na nilipolala nikajichunguza, sisi wakubwa tunawasaidia vipi kutoka hapo? Siku kitinda mimba alipomwaga chupa nzima ya chai kwa bahati mbaya nyumba ilitetemeka. Siku alipomng'ata dada yake makusudi nilisema tu "we!" bila kuinua macho kwenye simu. Sasa mtoto wa miaka mitano atajuaje kipi kibaya zaidi, anachokiona yeye ni ukali wangu, ule ndo mizani yake, na mizani yangu inasoma chai ni dhambi kubwa kuliko damu. Siku hizi najitahidi, kitu kikivunjika kwa bahati mbaya nasema lete fagio, basi. Sauti naitunza kwa ajili ya makusudi. Sijaweza kila siku.

Na uongo wake sasa, huyo kitinda mimba. Maandazi yamepungua, sukari imeganda mdomoni mpaka puani, nani kala? Paka. Hatuna paka. Mwanzo nilikuwa nashikwa na wasiwasi, kumbe wataalamu wanasema uongo wa umri huo ni dalili akili inakua, mtoto ndo kwanza kagundua kwamba yaliyo kichwani kwake mimi siyaoni. Nilichokibadilisha ni swali. Kama nimeshamuona ana sukari mdomoni, kumuuliza nani kala ni kumtegea, namfungulia mlango wa kudanganya halafu namkamata mlangoni. Sasa namwambia naona umekula andazi la dada, tunafanyaje? Anakwenda kumpa la kwake la kesho, analia lakini anampa.

Na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi mimi naiheshimu, nimekaa pwani maisha yangu yote, lakini samaki ukishamkunja na kumkausha amekwisha, habadiliki. Mtoto anaendelea kukua ukiwa umemshika. Ulichomwambia akiwa na miaka mitano kwamba usichukue cha mtu kinatosha, akifika tisa anataka kujua na Fulani mbona kachukua, akifika kumi na tano anakugeuzia wewe, na wewe je? Huyu mkubwa siku hizi maneno ya "kwa sababu nimesema" hayamgusi. Mwezi uliopita nilimkuta na mkeka wa kubeti kwenye simu, nikaanza hotuba, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote za jando halafu akasema, "Baba nimekuelewa, ila na wewe unaweka Simba ashinde kila Jumamosi." Nilikuwa sijui kama anajua. Wanajua. Kila kitu wanajua, wanajua mpaka password.

Turudi barazani. Umeme uliporudi kila mtu akaingia ndani na swali likabaki pale kwenye mkeka. Asubuhi nikamwambia mkubwa, Jumamosi twende. Akauliza wapi, nikamwambia unapajua.

Hesabu niliipiga mwenyewe usiku. Nilimpa 1,500, mimi nikalipwa 3,300, tofauti 1,800, mara 40, elfu sabini na mbili. Nikaitoa, nikaiweka kwenye bahasha, bahasha kabisa kama naenda kuposa. Njiani kwenye gari hatukuongea sana, alikuwa anachati, mimi natunga maneno ya kusema, na kadiri tulivyokaribia maneno yalizidi kuwa mafupi.

Bibi tulimkuta anapepeta mbaazi. Mzee sasa, jicho moja limeingia ukungu, lakini alimjua kijana kwa sauti kabla hajamuona. Shikamoo, marahaba, karibuni, mkeka ukaletwa, maji yakaletwa. Nikaanza kuzunguka, hali ya shamba, mvua, bei za mwaka huu, mpaka mwanangu akanigusa na kiwiko akasema pole pole, na alisema kwa sauti ileile ya bibi yake, "Sema mwenyewe."

Nikasema. Korosho za mwaka 2018, bakuli, bei niliyompa, bei niliyolipwa, mwembe. Mwembe ndo ulikuwa mgumu zaidi maana bado upo, tulikuwa tumekaa tunauona. Bibi hakushtuka wala hakulia wala hakusema nimekusamehe mwanangu, nilivyokuwa nimejiandaa. Alipokea bahasha, akamwaga hela kwenye ungo juu ya mbaazi, akahesabu noti moja moja, akarudia.

"Elfu sabini na mbili," akasema.

"Ndiyo bibi."

"Mwalimu, lile bakuli lako ulikuwa unajaza kilima. Nikifuta kwa mkono unasema bibi ongeza kidogo. Lile halikuwa kilo. Kila bakuli kumi mimi nilikupa kilo kumi na moja."

Kijana wangu akatoa simu. Bakuli 40 ni kilo 44, nne zilizozidi sikuzilipia hata shilingi, mara 3,300. "Elfu kumi na tatu na mia mbili, baba."

Nilikuwa na nauli tu mfukoni. Bibi akasema hana haraka, amengoja miaka yote hiyo. Jumatatu nikatuma kwenye simu ya mjukuu wake, na ya kutolea nikaweka. Jioni ikarudi meseji, bibi anasema imefika, na anauliza wale wengine wawili umeshawapelekea au bado.